Hela ya vyombo vya kichen pati isiishie kwenye dina seti

Ukishakabidhiwa hela ya kamati ya kichen pati, ile sherehe ya wanawake ya kumfunda bi harusi na kumpa vyombo, ukamnunulie vyombo vyake, ingia Kariakoo kwa mtaa wowote unaoujua, kitu cha kwanza kukukonyeza ni dina seti. Zinawekwa mbele makusudi, ukingo wa dhahabu, maua ya waridi, bei imeandikwa kwa maka peni nyekundu alafu ikakatwa ikaandikwa nyingine chini yake ili ujione umebahatika. Na kamati nyingi hela inafia hapo hapo. Msimamo wangu mi unajulikana, kwenye grupu la WhatsApp nimeshaitwa bahili na mchawi wa sherehe: hela ya kamati ianze kwenye vitu vya motoni, vile vinavyokaa jikoni kila siku ya Mungu, alafu ikibaki ndio tukae tuongelee sahani.

Sasa safari hii anaolewa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anahamia vyumba viwili Mbagala. Jiko lake ni kona ya korido, meza moja, gesi ya plate mbili na mtungi wa kilo 15, basi. Kabati la vyombo hana na hata akipewa hana pa kuliweka. Kamati ikatenga laki sita na nusu ya vyombo, hiyo ni mbali na zawadi zitakazoletwa siku yenyewe ukumbini, na zawadi za ukumbini si mnazijua, glasi, hotpoti, glasi, jagi na glasi zake sita, shuka, glasi tena. Sasa kama watu mia watakuja na glasi sisi kamati tunaenda kununua glasi za nini? Hilo swali niliuliza kwenye kikao nikajibiwa "wewe ngoja tu", nikangoja.

Kazi ya kununua tukapewa mimi na wifi yangu. Yeye ndio mweka hazina, hela yote iko kwenye simu yake, mi kazi yangu kubeba na kubishana.

Kabla ya kwenda nikampigia bi harusi, sikumuuliza unataka nini maana angesema chochote tu dada, ndio adabu yao hawa. Nikamuuliza niambie wiki nzima unapika nini. Akasema asubuhi chai, chapati jumamosi na jumapili, maharage mara mbili maana yanalala, wali wa nazi, ugali na dagaa au mchicha karibu kila usiku, na huyo mume mtarajiwa anapenda makande. Orodha yetu ikatoka humo. Hakuna lasanya hapo, hakuna keki, kwa hiyo ile oveni ndogo iliyopendekezwa na mjumbe mmoja (namheshimu sana) ikaishia kwenye grupu.

Wengine walisema twendeni Ubungo, pale palipokuwa stendi ya mabasi ya mikoani kabla haijahamia Mbezi, saivi kumejengwa kituo kikubwa cha biashara. Wengine wakasema nendeni supamaketi mkanunue kwenye kiyoyozi kama watu. Na supamaketi ina raha yake sikatai, bei imebandikwa, hakuna anayekushika mkono, ila chombo kimefungwa nailoni na kijana amesimama pembeni anakuangalia vidole. Kariakoo unakitoa kwenye boksi, unakigeuza, unakigonga, unakiombea maji ya moto, na usipokipenda unamwambia ntarudi na wote mnajua haurudi na hakuna aliyenuna.

Tukapanda basi la mwendokasi mapema tukashukia kituo cha Gerezani, hapo hapo Kariakoo. Nashauri sana asubuhi, si kwa sababu ya jua tu na ule msongamano wa Mtaa wa Kongo ambao saa sita unatembea kwa kusukumwa, ila mwenye duka ambaye hajauza bado anataka umfungulie, mteja wa kwanza akiondoka mikono mitupu anaona siku imeingia nuksi. Saa mbili na nusu bei inashuka bila kelele nyingi. Saa nane anakwambia "bei ni hiyo dada" huku anachati.

Ila kabla hujafika dukani kuna mawinga. Kwa msio wa Dar, winga ni kijana anayesimama njiani anakuita kwenye duka ambalo si lake, anakupeleka, mwenye duka anakutajia bei yenye cha juu cha winga ndani yake. Yule wa kwetu alitudaka tu tunavuka Mtaa wa Msimbazi.

"Dada zangu, vyombo eeh? Sufuria, hotpoti, presha kuka, duka langu hapo tu nyuma."

Wifi akamuuliza, "Duka lako linaitwaje?"

"Njooni mtaliona."

Hahaha. Sio kwamba ni wezi, naomba nieleweke. Ukitafuta kitu cha ajabu, labda mfuniko wa chupa ya chai ya zamani au gia ya blenda, winga atakupeleka mlango wenyewe ambao wewe ungeutafuta mpaka Iddi, na hiyo elfu mbili tatu anayopata ni jasho lake. Ila kwa sufuria hapana, sufuria ziko kila mtaa, unalipia njia ambayo unaijua. Tukamwambia asante kaka tunapajua tunapokwenda, hatukuwa tunapajua.

Na jingine, hili la kwangu binafsi, tangu lile ghorofa liporomoke Kariakoo Novemba 2024 duka la chini ya ardhi mi siingii. Unashushwa ngazi nyembamba, boksi mpaka darini, taa moja, hapana. Wifi alishuka moja akakuta bei nzuri ya bakuli, mi nikamsubiri juu na mizigo.

Basi tukaanza na sufuria. Tulipata duka la mzee mmoja wa Kipemba, fremu yenyewe ndogo, sufuria za aluminiamu zimening'inizwa mpaka huoni dari, na yeye anauza kwa kilo. Ana mizani pale mlangoni. Hiki kitu nakipenda mno kwa sababu mizani haina maua ya waridi. Ukiona sufuria mbili mdomo sawa, kimo sawa, moja ina kilo na robo nyingine gramu mia saba, hauhitaji mtu akuelezee kwaliti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mwamtakia nani, mwali?"

Tukasema ndio, akacheka akashusha zile nzito bila kuambiwa. Alafu akatuonyesha vitu ambavyo nataka muvishike. Sufuria unaipindua kifudifudi juu ya kioo cha kaunta unaisukuma ukingoni kwa kidole, ikicheza ujue mdomo haujanyooka, mfuniko hautakaa na wali wako utatoa mvuke pembeni. Alafu unaigeuza unaiweka chini kwa tako lake unaizungusha, ikizunguka vizuri na kuendelea kuzunguka hiyo achana nayo, tako limetuna. Hii kwenye ugali ndio utalia. Sufuria yenye tako la mviringo au nyepesi inafuata mwiko, unasonga nayo inasonga, mpaka mwingine aje aishike na koleo, na kwenye yale majiko ya gesi ya plate mbili yenye miguu mirefu ni hatari, imeshamwagikia watu uji. Mwisho unashika ukingo kwa vidole gumba viwili unabonyeza kuelekea ndani. Ikibonyea kwa vidole gumba vya mwanamke mwenye kucha za kubandika (wifi), haina maisha.

Tukachukua tatu, ya lita mbili, ya nne na ya saba, na mifuniko yake, elfu 78 zote baada ya kubishana. Seti ya sufuria saba zinazoingia moja ndani ya nyingine ilikuwa elfu 55, jamani saba kwa 55! Wifi alinitazama. Ila katika hizo saba mbili ni za kuchemshia yai, mbili za katikati zinafanana, na ile kubwa ndio nyembamba kuliko zote wakati yenyewe ndio inabeba mzigo. Seti inatengenezwa ionekane nyingi.

Kuna zile nyeusi nzito za kusubu pia, zinayeyushwa kutoka kwenye skrepa, vipande vya injini, marimu, makopo. Kwa pilau la shughuli hakuna mshindani wake, zinatunza moto vizuri ajabu. Za kupikia kila siku kwa mtu anayeanza familia mi nikazikataa na sababu ninayo. Kuna utafiti ulichapishwa 2017, walichukua vyombo 42 vya aina hiyo kutoka nchi 10, Tanzania na Kenya zikiwemo, wakachemsha humo maji yenye asidi kidogo kuiga chakula, na karibu theluthi moja vilitoa madini ya risasi. Kwa macho huwezi kujua ipi ina nini maana inategemea kilichotupwa kwenye tanuru siku hiyo. Na mwanamke akiwa mjamzito risasi si kitu cha kuchezea. Hata hii aluminiamu ya kawaida mi siivundikii mchuzi wa ukwaju au nyanya usiku kucha, vitu vichachu vinaila, asubuhi unakuta sufuria imeng'aa pale mchuzi ulipoishia. Pika, pakua, hamishia kwenye bakuli la udongo au plastiki ngumu.

Wifi akataka stili. Na kweli stili inapendeza. Nilikuwa nimebandua sumaku ya friji nyumbani, lile pambo la nanasi, nikaiweka kwenye pochi. Seti moja imeandikwa stainless chini, 18/10, namba zote, sumaku ikanasa pembeni kuanzia juu mpaka chini. Muuzaji akasema dada hiyo sumaku yako kali. Hahahaha. Ile 18/10 maana yake chromiamu asilimia 18 na nikeli 10, na stili yenye nikeli hiyo sumaku haiishiki, au inashika kwa mbali sana. Iliyonasa kabisa haina nikeli, si sumu wala nini, ila inawahi kushika kutu ukiiacha na maji ya chumvi, na hapo unakuwa unauziwa namba ambayo haimo. Ila angalieni, sumaku inanasa kwa chini tu, kwenye tako, hiyo ni sawa, wanaweka makusudi ili ikubali jiko la induksheni, lile la umeme linalotumia nguvu ya sumaku. Mi nagusa pembeni. Tukaishia kununua stili kwenye vijiko na uma tu.

Alafu kuna hizi wanaziita za granaiti. Jamani hakuna jiwe humo. Ni aluminiamu iliyopakwa ile ile nonstiki na kunyunyiziwa madoa ya kijivu, nyingi ziko hivyo. Fraipani moja ya nonstiki ni muhimu, ya mayai na mikate ya maji, tukachukua ya elfu 28 yenye tako nene. Lakini seti nzima ya granaiti kwa laki mbili na zaidi kumpa mtu anayekaanga dagaa kwa moto mkali na kukoroga kwa kijiko cha bati, ndani ya mwaka imebanduka. Ule mpako ukivuka nyuzijoto 260 unaanza kuharibika, na fraipani tupu juu ya gesi inafika huko ndani ya dakika chache wakati wewe umeenda kutafuta kitunguu. Kwa hiyo hiyo moja tumemnunulia na mwiko wake wa mti, na nimemwambia mume pia aambiwe, maana waume ndio wanaosugua nonstiki kwa steluli wakiamua kusaidia.

Chapati tulichukua chuma cheusi, kizito, elfu 18. Hakina sura. Kimepakwa mafuta ya mashine yananuka, unakiosha kwa maji ya moto na sabuni, unakausha motoni, unapaka mafuta ya kula kidogo unaacha kitoe moshi, unarudia rudia mpaka kinakuwa cheusi cha kung'aa. Hiki watoto wake watakirithi, nimeshakisema kwenye kikao na nitakisema tena.

Kitu kilichokula hela ni presha kuka ya umeme. Hapa nilikuwa nimejiandaa kugombana kumbe wifi ndio alikuwa mbele yangu. Tangu serikali ije na mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, ule unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa ifikapo 2034, kila duka la vyombo limejaza hizi kuka mlangoni na winga anakuhutubia utadhani katoka wizarani. Mi siasa sijui ila hesabu najua. Maharage na makande ndio vinamaliza mtungi wa gesi. Kuka ya lita sita ina wati 1000, ikiwaka saa zima mfululizo inakula uniti moja ya LUKU (umeme wa kulipia kabla), na haiwaki mfululizo, ikishapanda presha inajizima na kujiwasha, kwa hiyo maharage makavu yanaiva ndani ya kama saa moja kwa chini ya uniti. Uniti yenyewe kwa sisi wa matumizi ya kawaida haifiki shilingi 400. Gesi haikupi maharage kwa bei hiyo, mkaa ndio usiseme.

Ila kwenye kuka fungueni macho. Ya kwanza tuliyoonyeshwa ilikuwa laki na 25, plagi ya miguu miwili ya mviringo na adapta nyeupe nyepesi wamekutupia humo kwenye boksi kama hisani. Kuka inavuta zaidi kidogo ya ampia 4, adapta ile ya shilingi elfu moja inapata moto, inayeyuka taratibu ndani ya soketi na wewe uko chumbani. Nikasema nataka yenye plagi ya miguu mitatu ya bapa kutoka kiwandani, na waya mnene. Kijana akasema zote sawa. Tukahama duka. Duka la tatu au la nne hivi tukapata ya laki na 65, kijana mwenyewe akasema ngoja niitesti, akaweka vikombe viwili vya maji, akafunga, akachomeka, tukakaa kwenye viti vya plastiki tukisubiri. Angalieni kile kipini kidogo cha juu, kikipanda na kubaki juu bila mvuke kutoka pembeni ujue mpira umekaa. Kama mvuke unapiga pembeni mwambie abadili mpira au abadili kuka. Na mpira wa akiba tukaomba, tukapewa.

Wakati tunasubiri pale akaingia mama mmoja wa Lubumbashi anachukua hotpoti kwa katoni, anaongea Kiswahili chake kitamu cha Kongo na simu ya pili iko sikioni kwa mwenye lori. Hakugonga kitu, hakugeuza kitu, alifungua boksi moja tu la juu akachungulia akasema funga. Nikamwambia wifi ona, yule hachagui kama sisi. Wifi akasema yule hapikii.

Risiti sasa. Hapo pa kuka ndio tulipopata kelele maana bei ikawa mbili, ya bila risiti na ya risiti. "Ukitaka ya EFD dada iongeze elfu 20," yaani risiti ya mashine ya kodi. Kitu ambacho si sahihi, bei uliyotaja ndio bei, na kisheria hata mnunuzi asiyedai risiti ana kosa lake, mkikamatwa nje na boksi mnaulizwa wote. Lakini mi sababu yangu ni ndogo kuliko hiyo: kitu cha umeme kikifa baada ya wiki mbili bila risiti unarudi kuelezea nini, na waranti ya mwaka mmoja iliyoandikwa kwenye boksi nani ataitambua. Tukabishana, wifi akajifanya anaondoka mpaka mlangoni (anajua sana hii), tukaitwa, risiti ikatoka kwa bei ile ile. Kwa mzee Mpemba hatukuuliza alitoa mwenyewe.

Chupa ya chai ilikuwa fupi. Zile za kioo ndani zinatunza joto kuliko nyingi za stili za bei hizo, ila nyingine zimekufa tangu melini, kioo hakijavunjika ila ule utupu katikati ya kuta zake mbili umeshaingia hewa. Kwa macho huioni. Dukani walituma kijana kwa mama ntilie wa nje na chupa mbili, akarudi nazo zina maji ya moto, tukazishika ubavuni tukasubiri kidogo. Moja ikawa vuguvugu kwa nje. Tukachukua nyingine, elfu 30.

Mbuzi ya kukunia nazi tuliikuta njiani inauzwa na mikeka, ya mti wa mkorosho kasema muuzaji, mti siujui ila meno ya chuma nilipitisha kucha yakakwaruza sawasawa. Wifi akasema siku hizi watu wanasaga nazi kwenye blenda. Blenda tumenunua pia, elfu 75, jagi la kioo, lakini LUKU ikiisha jioni ya wali wa nazi utaitafuta mbuzi.

Ndio tukafika kwenye sahani na hapo wifi alikuwa na donge lake toka asubuhi. Ile dina seti ya kwanza kabisa tuliyoiona ilikuwa pisi 72 kwa laki na 85, yaani zaidi ya robo ya hela yote, na ukizihesabu hizo pisi 72 unakuta visosi, vibakuli vya sosi, kijagi cha maziwa, bakuli lenye mfuniko la supu ambalo hapa kwetu linawekwa maua ya plastiki. Na ikivunjika sahani moja ya maua huipati ya kufanana milele. Tukanunua sahani nyeupe za udongo za pisi moja moja, kumi na mbili, na bakuli sita, zile nzito nyeupe zisizo na kitu ambazo mahoteli ya kawaida yanatumia, zitakuwepo mwakani na mwaka kesho kutwa, ikivunjika unaongeza. Niliikataa melamini pia japo haivunjiki, nzuri kwa watoto na pikiniki, ila mtu akiiweka kwenye maikrowevu inaachia vitu kwenye chakula na kwenye nyumba ya wageni wengi kuna mtu ataiweka tu.

Kumliwaza wifi tukachukua sinia kubwa la pilau, la kung'aa, elfu 22, akalibeba yeye mwenyewe kifuani mpaka mwisho wa safari watu wanampisha njia. Na glasi zake za shingo ndefu akanunua kwa hela yake, sikusema neno.

Mzigo tulikusanya kwa yule mzee, akaturuhusu tuweke hapo kila tulichonunua kwingine, tukachukua mkokoteni mpaka barabara kubwa kwa elfu tano, kutoka hapo kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, mpaka Mbagala elfu 35. Msikubali mkokoteni uondoke mbele yenu bila mtu wenu pembeni, na kila boksi liandikwe jina kwa maka peni kabla ya kupakiwa, maana boksi za kuka zote zinafanana na kwenye mkokoteni wa pamoja kuna ya kwako na ya Mzambia.

Kwenye simu ya wifi ilibaki elfu 66. Grupu likataka tuongezee tununue seti ya hotpoti, tukasema hapana, hela apewe bi harusi mkononi. Ndoo, beseni, diaba, ufagio, dekio, kamba ya kuanikia na pini zake, hivyo vyote viko Rangi Tatu, huko huko kwake Mbagala, kwa bei hizo hizo au pungufu ya mia tano, na ndoo ukiipakia Kariakoo unalipia nauli ya kusafirisha hewa. Jumamosi alikuwa ameshanunua, katuma picha, kabakiwa na hela ya kujaza mtungi.